Gitaa halipandi bei kwa sababu tu limezeeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala ya kurasa zenu za fedha, ile iliyowashauri wasomaji wanunue magitaa yaliyotumika na kuyaweka akiba, kwa hoja kwamba kadiri gitaa linavyozeeka ndivyo bei yake inavyopanda. Mimi ni fundi wa magitaa. Naunga shingo zilizovunjika, nabadilisha freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, nagundisha matumbo yaliyopasuka, yaani mbao za mbele. Karibu kila anayeingia karakana na gitaa mkononi huuliza maswali mawili kwa mfuatano uleule: litatengenezeka? Na nikiliuza nitapata ngapi? Tangu makala yenu itoke, watu wanaanza na la pili.

Sitasema mwandishi wenu amedanganya. Mifano aliyotoa ni ya kweli. Tatizo ni kwamba amechota kanuni za soko moja akazimwaga juu ya soko jingine. Magitaa yaliyotumika yana masoko mawili, na hayo mawili hayasalimiani. Kuna soko la magitaa ya kupigwa, ambako mnunuzi anataka chombo kitakachomtumikia kesho asubuhi. Na kuna soko la magitaa ya kuhifadhiwa, ambako mnunuzi anataka kitu ambacho kiwanda hakiwezi kukirudia. Kitendo kimoja, tuseme kubadilisha freti au kupaka rangi upya, kinaweza kuongeza bei katika soko la kwanza na kuikata katikati katika soko la pili. Asiyejua gitaa lake limo soko lipi ataliharibu akidhani analitunza.

Nianze na magitaa ya kupigwa, maana karibu wasomaji wenu wote wanayo hayo.

Gitaa jipya la kiwandani likishatoka dukani limepoteza sehemu ya bei yake hata kabla ya uzi wa kwanza kukatika. Mnunuzi wa kwanza alilipia faida ya duka, dhamana, na ile raha ya kufungua sanduku. Hivyo vyote havirithishwi. Kwa kawaida gitaa la namna hiyo, likiwa safi, mtu wa pili hulitolea kati ya nusu na theluthi mbili ya bei ya jipya. Baada ya hapo huwa linatulia. Wa tatu na wa nne hawatalipa pungufu sana ya wa pili mradi halijaumia. Lakini lina dari. Dari hiyo ni bei ya gitaa jipya la aina ileile. Kiwanda kikishusha bei, au kikitoa toleo bora zaidi kwa bei ileile, gitaa lako linashuka nalo hata kama umelifunika kwa hariri.

Mtu huja amekasirika kwamba duka limemtajia nusu ya bei ambayo yeye ameona wengine wanauzia. Hapo huwa simuungi mkono. Duka litalifungua, litalisafisha, litalipanga nyuzi, litaliweka ukutani miezi kadhaa, halafu litalibeba lawama likirudi. Ukitaka pesa yote, fanya kazi hiyo yote mwenyewe.

Sasa, kitu kinachoamua bei ya gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, kuliko jina lake, kuliko mng'ao wake, ni pembe ya shingo. Nalisema kwa kurudia kwa sababu makala yenu haikuligusa kabisa. Nyuzi sita za chuma zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 na ushee, usiku na mchana, gitaa likipigwa au lisipopigwa. Mbao husalimu amri polepole. Tumbo la gitaa huvimba nyuma ya daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, shingo huinama mbele, na nyuzi huinuka juu ya freti hadi vidole vinauma. Pima kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi mnene kabisa. Milimita 2.5 hivi ni sawa. Ikifika 4, mnunuzi anayejua ataanza kupiga hesabu kichwani, na hesabu hiyo haimpendelei muuzaji.

Dawa ya kwanza ni rahisi: kusaga kile kijiti cha mfupa kinachokaa kwenye daraja ili nyuzi zishuke. Kwa hiyo mimi nikipewa gitaa nilikadirie, jicho langu huenda kwenye kijiti hicho kabla ya kusoma jina lililo kichwani. Kikiwa kimesimama juu ya daraja kwa milimita tatu au nne, gitaa hilo bado lina akiba. Kikiwa kimesagwa hadi kinakaribia kulingana na mbao, akiba imekwisha, na kilichobaki ni kuing'oa shingo: kuipiga mvuke kwenye kiungo, kuitoa, kuchonga kisigino chake, pale inapoungana na mwili, kwa vipimo vya karatasi nyembamba, na kuirudisha kwa pembe mpya. Ni kazi ya siku nzima na zaidi, na bei yake haiangalii gitaa lina thamani gani. Kwenye gitaa la zamani la Martin, kampuni yenye jina kubwa ya Marekani, kazi hiyo ni matunzo ya kawaida, haipunguzi thamani, na gitaa ambalo tayari limeshafanyiwa vizuri huuzika haraka kuliko lile linaloisubiri. Kwenye gitaa la bei nafuu kazi hiyo hugharimu kuliko gitaa lenyewe. Na ndiyo maana magitaa mawili ya umri mmoja, moja linarudi kazini na jingine linatundikwa ukutani kama pambo.

Wengi huchanganya jambo hili na chuma kilichomo ndani ya shingo. Chuma kile hunyoosha mpindo wa shingo yenyewe. Hakibadilishi pembe ya shingo dhidi ya mwili. Muuzaji akikuambia nyuzi ziko juu lakini ni suala la kuzungusha ufunguo kidogo tu, mwambie auzungushe mbele yako. Na hakikisha bado unazunguka, kwa sababu chuma kilichokwama au kukatika ndani ya shingo ni sababu nyingine ya bei kuanguka.

Halafu kuna mbao yenyewe. Tumbo la gitaa linaweza kuwa ubao mmoja halisi, mara nyingi sprusi au mwerezi, au linaweza kuwa plaiwudi yenye uso wa sprusi. Tazama ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikiendelea kutoka juu na kushuka hadi ndani, ni ubao halisi. Ukiona tabaka, ni plaiwudi. Plaiwudi si dhambi. Haipasuki ovyo, inavumilia safari na watoto. Ila hakuna mtu anayeilipia zaidi kwa kuwa ina miaka 40, na hapo ndipo makala yenu imewaumiza watu. Mama mmoja aliniletea gitaa la marehemu mumewe akiwa na ukurasa wenu umekunjwa mkobani. Lilikuwa gitaa zuri la plaiwudi, lililopendwa. Nilimweleza taratibu. Aliniangalia kama mtu aliyekuja kumwibia.

Ufa kwenye ubao halisi nao usiwaogopeshe sana. Mbao hukauka, hujikunja, hupasuka kufuata mistari yake; hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ufa uliogundishwa mapema na kuwekewa viraka vidogo vya mbao kwa ndani hupunguza bei kidogo. Ufa ulioachwa miaka mitano ukanywa vumbi na mafuta ya mikono ni kazi nyingine, na gundi haitaushika vizuri tena. Kwa hiyo hata ule ushauri wa kuliweka akiba na kulisahau una gharama. Gitaa lililosahauliwa darini, kwenye joto na nyuzi zikiwa zimekazwa, linazeeka vibaya kuliko lililopigwa kila siku.

Magitaa ya umeme yana shida zao. Mmarekani aitwaye Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni ya Fender, alikuwa fundi redio, na aliunda magitaa yake kama fundi redio: shingo imefungwa kwa skrubu nne, sehemu zinabadilishwa kama za redio. Pembe ya shingo ikikosea unaweka kipande chembamba chini yake ukaendelea na maisha. Kampuni ya Gibson nayo ilishika njia ya maseremala, shingo ya mahogani iliyogundishwa na kichwa kilichoinamishwa nyuma, kwa pembe ya digrii 17 katika yale ya miaka ya 1950. Mahali kichwa kinapokutana na shingo ndipo mbao ni nyembamba, mistari ya mbao inakatisha, na juu yake pamechimbwa shimo la kufikia chuma cha ndani. Gitaa likianguka kutoka kwenye stendi yake, hapo ndipo linapokatika. Nimeunga mengi.

Likiungwa na anayejua, kiungo hicho hushika kwa miaka mingi, na kwenye sauti sijawahi kusikia tofauti. Soko halijali. Kichwa kilichowahi kuvunjika hukata karibu nusu ya bei, na hakuna uungaji mzuri kiasi cha kuirudisha. Basi kwa mnunuzi anayetaka kupiga na si kuhifadhi, nina ushauri ambao sijauona kwenye gazeti lolote: tafuta gitaa zuri lenye kichwa kilichoungwa vizuri. Mwenzako ameshailipa hasara. Wewe unapata mbao ileile, sumaku zilezile za kunasa sauti, na siku ukiliuza hutapoteza kitu kwa sababu lilishapotezewa.

Kuhusu zile sumaku za kunasa sauti, tunazoziita pikapu: ukizibadilisha kwa nyingine za ghali, usitarajie mnunuzi akurudishie pesa. Yeye ana masikio yake. Hifadhi za asili kwenye mfuko, na siku ya kuuza zirudishe, zile za ghali uziuze peke yake. Vilevile vigingi vya kukazia nyuzi. Kigingi kipya kinachoingia kwenye tundu la zamani hakina madhara; kigingi kilichohitaji tundu jipya kutobolewa kimeacha kovu la kudumu. Magitaa ya wanaotumia mkono wa kushoto yanakaa sokoni muda mrefu, si kwa ubaya wake bali kwa uchache wa wanunuzi, ingawa yule mmoja akipatikana huwa habishani sana.

Sasa nije kwenye soko la pili, lile lililompumbaza mwandishi wenu.

Alitaja Gibson Les Paul za mwaka 1958 hadi 1960, zile zenye rangi ya jua linalozama, na akasema leo huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Ni kweli. Alichoacha ni kwamba zilipotoka hazikununuliwa. Zilitengenezwa takriban 1,500 tu, mauzo yakadorora, na kiwanda kikabadilisha umbo kabisa likawa lile jembamba lenye pembe mbili. Magitaa hayo yalibaki mtumba wa kawaida hadi katikati ya miaka ya 1960, wapiga gitaa vijana kama Keith Richards, Eric Clapton na Mike Bloomfield walipoyaokota na kuyapiga kwenye vikuza sauti vilivyofunguliwa hadi mwisho. Ghafla kila mpiga gitaa alitaka sauti ile, na kiwanda hakikuwa nayo. Mwaka 1968 Gibson walilazimika kurudi kutengeneza Les Paul. Kwa hiyo zilizopandisha bei ni sahani za santuri. Umri ulikuwepo tu.

Ushahidi? Kiwanda hichohicho cha Gibson, mjini Kalamazoo, Marekani, mwaka huohuo wa 1959, kilianza kutoa gitaa la wanafunzi liitwalo Melody Maker. Mahogani, mikono ya mafundi walewale, umri uleule hadi leo. Bei yake sokoni ni sehemu ndogo sana ya bei ya lile ndugu lake. Kama umri ndio unaozaa pesa, na huyu angezaa.

Uchache nao peke yake si kitu. Gibson Flying V za 1958 na 1959 zilisafirishwa 98 tu, na Martin walitengeneza D-45 zipatazo 91 kati ya 1933 na 1942. Zote mbili zinagombewa. Lakini dunia imejaa magitaa yaliyotengenezwa machache kwa sababu hakuna aliyeyataka, na hadi leo hakuna anayeyataka. Uchache huanza kulipa pale tu watu wengi wanapotaka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Na wanachotaka ni kumbukumbu. Nimeuona mchezo huu ukijirudia. Mtu hununua akiwa na pesa kile alichokitamani akiwa na miaka 16 bila pesa. Magitaa ya Gibson ya miaka ya 1970, wakati kampuni ikimilikiwa na kampuni ya Norlin, yalidharauliwa sana: mwili wa mbao zilizobandikwa tabaka, uzito wa kuvunja bega, kinundu nyuma ya kichwa. Leo bei zake zimepanda, na hayakujitengeneza yakawa bora; ni wale vijana wa wakati huo waliokua. Mambo yakienda hivyo, yanaweza pia kurudi. Walioabudu sauti fulani wakishaondoka, watoto wao huuza. Mwandishi wenu angewaambia wasomaji hilo.

Fender nao wana mstari wao. Januari 1965 kampuni iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13, na tangu hapo wakusanyaji wanagawanya magitaa yake ya umeme ya Stratocaster na Telecaster kuwa za kabla na za baada. Mashine hazikubadilika usiku ule, wafanyakazi hawakufukuzwa asubuhi yake, na nimeshika za 1966 zilizo bora kuliko za 1964. Bado soko linaheshimu mstari huo kuliko masikio yake. Ndani ya mstari huo kuna mwingine: gitaa la rangi maalumu, iliyochukuliwa kwenye rangi za magari za DuPont, linazidi kwa mbali lenzake la rangi ya kawaida. Rangi tu.

Rangi ndiyo inayonileta kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Wiki chache baada ya makala yenu, kijana aliniletea gitaa la umeme la miaka ya 1960. Alikuwa ameona vanishi yake imepasukapasuka vistari vyembamba kila mahali, akalipeleka kwa mpaka rangi, likasagwa hadi mbao tupu na kupulizwa jeusi linalong'aa. Alifikiri kama afikirivyo mwenye gari kuukuu, kwamba likipigwa rangi mnunuzi atasogea. Kwenye gitaa la kuhifadhiwa, vistari vile ndivyo vilivyokuwa cheti chake. Vanishi ya zamani, iitwayo nitro, hupasuka hivyo kwa miaka, na ni vigumu kuiga. Kanuni inayofuatwa na wafanyabiashara ni kwamba gitaa la aina hiyo likishapakwa upya thamani yake hupungua kwa nusu hivi. Alilipa pesa kwa kazi hiyo. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumuuliza kama amehifadhi skrubu.

Skrubu, ndiyo. Katika soko hili mnunuzi analipia uhakika, na uhakika unakaa kwenye vitu vidogo. Akifungua gitaa atatazama lehemu kama imewahi kuguswa. Atasoma namba zilizochapwa mgongoni mwa vile vitasa vya kuongeza na kupunguza sauti: 137 ni kampuni ya CTS, 304 ni Stackpole, na tarakimu zinazofuata hutaja mwaka na wiki. Kitasa cha mwaka 1966 hakiwezi kuwa kilizaliwa ndani ya gitaa la 1962. Atang'oa shingo ya Fender atafute tarehe kwenye kisigino chake. Atamulika kwa taa ya urujuani, ile ya kukagulia noti, kwa kuwa vanishi ya kale hung'aa kwa ukijani na sehemu iliyopakwa jana huonekana kama doa. Chini ya pikapu za Gibson za mwisho wa miaka ya 1950 atatafuta kibandiko kidogo kinachosema ombi la hataza, yaani haki ya uvumbuzi, limewasilishwa. Mhandisi wa Gibson, Seth Lover, aliliwasilisha 1955 na hataza ikatoka 1959. Pikapu zenye kibandiko hicho zina bei yake peke yake, kubwa kiasi kwamba watu huchinja magitaa ili wauze viungo. Hili hunichefua, lakini ndilo soko.

Kila swali lisilo na jibu linapunguza bei. Sanduku la asili, risiti, picha ya mwenye gitaa akilipiga zamani, barua, vyote vinajibu maswali, na ndiyo maana vinalipwa. Namba ya kiwandani peke yake haitoshi. Namba zilirudiwa, na kichwa chenye jina kubwa siku hizi ni kibandiko tu ambacho yeyote anaweza kukibandika.

Mwandishi alitaja pia minada. Mwaka 2019 Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd iliuzwa New York kwa dola milioni 3.975, na mwaka uliofuata Martin D-18E ya 1959 ya Kurt Cobain wa Nirvana ikafika milioni 6.01. Hizo si bei za magitaa. Mfano bora zaidi ni ule wa Eric Clapton: gitaa lake liitwalo Blackie, lililouzwa 2004 kwa dola 959,500, aliliunganisha kutoka kwa sehemu za Stratocaster kadhaa. Ondoa jina lake, ubaki na gitaa la kuungaunga ambalo mkusanyaji angelipita bila kusimama. Jina hubadilisha kanuni zote, lakini linahitaji ushahidi wa picha unaolinganisha hata mistari ya mbao na mikwaruzo. Neno la mjomba kwamba gitaa hili aliwahi kulipiga fulani wa bendi fulani halina bei.

Kuna la sheria ambalo karibu kila muuzaji husahau. Rozwudi ya Brazili, mbao iliyopendwa sana kwa migongo na mbavu za magitaa, iliwekwa mwaka 1992 katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2017 jamii yote ya mbao hizo, mpingo ukiwamo, ilibanwa, na safari za vyombo vya muziki zikawa za makaratasi. Mwishoni mwa 2019 vyombo vilivyokamilika vilifunguliwa mlango, isipokuwa vya rozwudi ya Brazili. Gitaa lisiloweza kuvuka mpaka bila kibali lina wanunuzi wachache kuliko linavyostahili, na kama lina vipande vya pembe za ndovu au gamba la kasa, wachache zaidi. Asiyejua mbao ya gitaa lake asilitangaze kwa mnunuzi wa nchi nyingine.

Na jingine la haraka. Magitaa ya Kijapani ya miaka ya 1970 yaliyoiga maumbo ya Kimarekani yanatangazwa siku hizi kwa sifa kwamba yalishtakiwa mahakamani. Kesi ilikuwa moja, mwaka 1977, Norlin, wamiliki wa Gibson, dhidi ya wasambazaji wa magitaa ya Kijapani ya Ibanez, na ilihusu umbo la kichwa. Mengi ya yanayobandikwa sifa hiyo hayakuhusika hata kwa mbali. Baadhi ni magitaa mazuri kweli, nayapenda. Walipieni mbao na kazi ya mikono, si hadithi.

Mhariri, ninachoomba ni kidogo. Ile jedwali iliyoonyesha magitaa yakipanda mwaka hadi mwaka, ichapisheni tena ikiwa na majina ya magitaa yaliyohesabiwa. Nina hakika ni yaleyale machache ya soko la pili. Na waambieni wasomaji waliokwisha kununua wasisage, wasipake, wasitupe kipande chochote kilichotoka kwenye gitaa hata kikiwa kimeharibika, walegeze nyuzi kidogo kama halitapigwa kwa miezi, na walipeleke kwa fundi kabla ya kulipeleka kwa dalali. Mwandishi wenu naye namkaribisha. Nitamwekea mezani magitaa matatu ya mwaka mmoja, nimpe kioo kidogo cha kuchungulia ndani, taa na rula, anitajie lipi lina thamani, kisha aandike makala ya pili.

Wenu,
Fundi wa magitaa